Supu Nzito ya Hemu, Maharage na Sukuma Wiki: Mwongozo Kamili wa Kuipika Nyumbani

Supu hii ina vitu vitatu vikubwa, na kila kimoja kina muda wake. Kifundo cha mguu wa nguruwe kilichotiwa chumvi na kufukizwa moshi kinataka kutokota saa 2 na nusu hadi 3 ndipo nyama iachie mfupa. Maharage meupe yaliyolowekwa yanataka saa 1 hadi 1 na nusu. Sukuma wiki inatosheka na dakika 20. Ukivitumbukiza vyote kwa mpigo utapakua mboga iliyorojeka, maharage yaliyopasuka na nyama ambayo bado inavutana na meno. Karibu kila hatua iliyomo humu inajibu swali hilohilo: nini kiingie lini.

Chakula chenyewe kina wenyewe wengi. Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, wana caldo gallego, ambayo ni maharage meupe, viazi, nyama ya nguruwe ya chumvi na majani machungu ya tanipu. Mgahawa wa Seneti ya Marekani huuza kila siku supu ya maharage meupe na vifundo vya nguruwe, ingawa yao haina majani. Hapa tunafuata mkono wa Kusini mwa Marekani, kwa sababu ya sokoni tu: majani ya collard yanayopikwa huko ni ya kundi moja na sukuma wiki yetu, kabichi isiyofunga kichwa. Kwa hiyo mboga haihitaji kubahatishwa.

Mahitaji, kwa watu 8

- Kifundo 1 kikubwa cha mguu wa nguruwe kilichofukizwa moshi, kilo 1 hivi (au vidogo 2)
- Maharage meupe makavu, gramu 500
- Sukuma wiki, gramu 500 kabla ya kuchambua
- Vitunguu maji 2 vikubwa
- Karoti 2 za wastani
- Seleri, vijiti 2 (ikikosekana, iache, usitafute mbadala)
- Kitunguu saumu, punje 5
- Nyanya 2 zilizoiva, au kijiko 1 kikubwa cha nyanya ya kopo
- Mafuta ya kupikia, vijiko 2 vikubwa
- Pilipili manga iliyosagwa papo hapo, kijiko 1 kidogo
- Pilipili kavu nzima 1, kwa wanaopenda
- Siki, kijiko 1 kikubwa, au maji ya limao nusu
- Maji, lita 3, na mengine ya akiba yawe ya moto
- Chumvi: itapimwa mwishoni, kwa ulimi

Sufuria iwe na ujazo wa lita 6 au zaidi na kitako kizito. Sufuria nyepesi ya alumini hushika chini mara maharage yanapoanza kutoa unga wake.

Nyama

Hemu kwa asili yake ni paja la nguruwe lililotiwa chumvi, na mara nyingi likafukizwa moshi. Kwa supu, lakini, sehemu bora si paja. Ni kifundo, pale mguu unapoungana na kwato. Nyama yake si nyingi. Kifundo cha kilo 1 hutoa gramu 300 hadi 400, mengine ni mfupa, ngozi na mishipa. Faida yake imo kwenye hiyo ngozi na mishipa. Imejaa kolajeni, na kolajeni ikikaa ndani ya maji ya moto kwa muda mrefu huyeyuka na kuwa jeletini, kile kinachofanya mchuzi ushike midomo kidogo na kuganda ukiwekwa kwenye friji. Supu iliyopikwa kwa vipande vyembamba vya hemu ya kuweka kwenye mkate huwa maji yenye chumvi, hata uweke kilo nzima. Vipande hivyo vimekwisha kupikwa kiwandani, na vikichemka saa nzima hugeuka nyuzi kavu. Kama ndivyo ulivyo navyo tu, tengeneza mchuzi kwa mifupa mingine na uvitie dakika 5 za mwisho.

Mfupa wa hemu uliobaki baada ya Krismasi unafaa pia, mradi umeachiwa nyama kidogo. Huo uutokose saa 1 na nusu hadi 2. Jeletini yake ni haba kuliko ya kifundo, kwa hiyo utategemea zaidi kuponda maharage, hatua inayokuja huko mbele.

Ukinunua kifundo cha moshi dukani, tazama mambo matatu. Ngozi iwepo. Rangi ya nyama iwe ya waridi. Ni naitraiti ya kuhifadhia inayoipa rangi hiyo, na itabaki hivyo hata baada ya kuiva, kwa hiyo usiendelee kupika ukidhani ni mbichi. La tatu, mwombe muuzaji aikate vipande 2 au 3 kwa msumeno. Shoka huvunja mfupa vibanzi, na kibanzi kimoja kwenye bakuli kinatosha kumpeleka mtu kwa daktari wa meno. Hata baada ya msumeno, osha vipande vizuri ili kutoa unga wa mfupa.

Mabucha mengi ya kitimoto huuza nyama mbichi tu. Hapo kazi inaongezeka siku moja, lakini matokeo si haba. Nunua kifundo kibichi chenye ngozi. Yeyusha gramu 60 za chumvi na gramu 20 za sukari katika kila lita 1 ya maji, poza kabisa, zamisha nyama na uiache kwenye friji saa 24 hadi 36. Nje ya friji usijaribu. Kisha ifute maji na ubabue ngozi kwenye mkaa wa moto, ukiigeuza mpaka iwe kahawia na ianze kutoa harufu ya choma, dakika 15 hivi. Haitakuwa ya waridi na moshi wake utakuwa mwepesi, lakini itatoa mchuzi mzito uleule. Nyama mbichi ya nguruwe iive hadi ndani bila mjadala, kwa sababu ya minyoo tegu. Saa 2 na nusu za kutokota zinalimaliza hilo.

Nyumba isiyokula nguruwe haikosi kitu hapa. Kusini mwa Marekani kwenyewe familia nyingi hupika mboga hizi kwa paja au bawa la bata mzinga lililofukizwa moshi. Mifupa ya ng'ombe yenye mishipa, ikibabuliwa kwenye mkaa, nayo hufanya kazi hiyo. Kongoro ndilo lenye jeletini kuliko vyote, ila linataka saa 4 na zaidi, na pia litiwe chumvi zaidi kwa kuwa halikuhifadhiwa.

Maharage

Chagua meupe, madogo au ya wastani. Yana unga mwingi, ngozi nyembamba na ladha tulivu isiyoshindana na moshi. Nchini Kenya aina ya Mexican 142 ndiyo hiyo hasa. Maharage ya njano yanafuata kwa ubora. Mekundu yanapikika, ila mchuzi utakuwa wa rangi ya udongo na ladha yake itaegemea kwenye maharage ya kila siku.

La muhimu kuliko aina ni umri. Maharage yaliyokaa ghalani mwaka mzima katika joto na unyevu, hali ya kawaida ya Pwani, hupata ugumu usioondoka hata yachemke mchana kutwa. Kuta za chembe zake hufungamana na maji hayapenyi tena. Dukani huwezi kuyajua kwa hakika, ila mikunjo mingi juu ya ngozi, vumbi la wadudu na rangi iliyofifia ni dalili. Nunua pale yanapotoka haraka, na usichanganye ya mwaka jana na ya mwaka huu ndani ya sufuria moja, maana nusu itarojeka nusu ikiwa kokoto.

Chambua maharage kwenye sinia, utoe mawe na yaliyotobolewa. Osha. Kisha loweka katika maji yenye chumvi, gramu 15 kwa kila lita, yaani vijiko 2 vidogo na nusu vya chumvi laini, kwa saa 8 hadi 12. Kwa gramu 500 tumia lita 2 na nusu, kwa sababu uzito wa maharage utafika karibu maradufu na yasipofunikwa yatalowa upande mmoja. Wapishi wengi wamefundishwa kwamba chumvi hufanya maharage yawe magumu. Katika kuloweka ni kinyume: sodiamu ya chumvi inachukua nafasi ya kalisiamu na magnesiamu kwenye ngozi, na ngozi inalainika badala ya kupasuka. Kalisiamu ndiyo adui. Ndiyo sababu maji magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu upesi, huchelewesha maharage. Kama maji ya kisima chako ni hayo, tumia ya mvua au ya chupa kwa kuloweka na kupikia.

Pwani na mahali pengine penye joto, maharage yakilowekwa mezani zaidi ya saa 10 huanza kuchacha na kutoa mapovu madogo. Yaweke kwenye friji au ubadilishe maji katikati.

Kama ulisahau kuloweka, yachemshe dakika 2 hadi 3, zima moto, funika, acha saa 1, mwaga maji. Yataiva, ingawa si kwa usawa kama ya kulowekwa usiku.

Magadi yanaharakisha kweli, kwa kuwa ualkali hulegeza ule gundi wa kuta za chembe. Yatumie tu kama maharage ni ya zamani au maji ni magumu mno: robo ya kijiko kidogo ndani ya maji ya kuloweka, kisha uyamwage na kuosha. Yakitiwa kwa wingi ndani ya supu yenyewe huacha ladha ya sabuni, huharibu vitamini B1 na kugeuza mboga kuwa mlenda.

Hatua isiyorukwa ni hii. Maharage mabichi yana sumu ya asili, fitohemaglutinini, ambayo ni nyingi zaidi katika mekundu na kidogo katika meupe. Huletea mtu kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Kuloweka, kumwaga maji na kuchemsha kwa nguvu huimaliza. Moto mdogo peke yake haitoshi, na joto la nyuzi 80 au chini yake linaweza hata kuizidisha. Kwa hiyo maharage yoyote utakayotumia yapate dakika 10 za kuchemka kwelikweli kabla ya kupunguza moto. Kwa mekundu, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) inashauri dakika 30. Wenye sufuria za umeme za kupika polepole wachemshe kwanza kwenye jiko la kawaida.

Jioni ya kuamkia siku ya kupika

Loweka maharage. Kama kifundo ni cha chumvi kavu au hujui ukali wa chumvi yake, kiloweke nacho kwenye maji baridi ndani ya friji, chombo chake mbali. Cha kawaida cha dukani hakihitaji.

Kupika

*Kwanza, nyama peke yake (saa 1 na nusu).* Weka kifundo na lita 3 za maji baridi. Pandisha moto hadi karibu kuchemka. Povu la kijivu litapanda juu. Liengue kwa upawa kwa dakika 10 za mwanzo, kisha punguza moto mpaka uone viputo viwili vitatu vikipanda kwa uvivu. Usiache ichemke kwa fujo: mafuta yatavunjikavunjika na kuchanganyika na maji, na mchuzi utakuwa mweupe, mzito kwa mafuta kooni. Funika, acha upenyo mdogo. Kwenye jiko la mkaa funga mlango wa chini na ufunike makaa kwa majivu kidogo; moto wa mkaa uliowekwa hivyo hutokosa vizuri kuliko gesi nyingi, ila jiko likae penye hewa, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa.

Usitie chumvi. Kifundo kinaendelea kuitoa kwa saa zote hizi, na hakuna ajuaye ni kiasi gani mpaka mwisho.

*Pili, maharage (saa 1 hadi 1 na nusu).* Mwaga maji ya kuloweka, suuza, tia maharage kwenye mchuzi. Maji yayafunike kwa vidole vitatu. Yakipungua ongeza ya moto, si ya baridi, maana baridi hukatisha mapishi. Ongeza moto, yachemke kwa nguvu dakika 10, kisha rudisha kwenye kutokota. Tia pilipili kavu nzima sasa kama unaitaka. Nyanya, siki na limao vikae mbali kabisa. Tindikali hukaza kuta za maharage. Nyanya 2 zikitangulia zinaweza kukuongezea saa nzima.

Koroga kila dakika 15 kwa mwiko wa mti, ukigusa kitako. Kufikia dakika 45 anza kuonja, na uonje maharage matano, si moja. Moja laini halithibitishi kitu. Yako tayari pale yote matano yanapopondeka kwa ulimi dhidi ya kaakaa bila kiini cha chaki katikati.

Muda huu hutegemea na mahali ulipo. Dar es Salaam au Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Nyuzi hizo 6 zinaweza kuongeza nusu saa. Mpishi wa nyanda za juu asilaumu maharage yake.

*Tatu, kuunga.* Wakati maharage yanaelekea kuiva, toa kifundo kwa koleo kikapoe kwenye sahani. Kwenye kikaango, pasha mafuta, au bora zaidi mafuta yaliyoenguliwa juu ya supu, vijiko 2. Kaanga vitunguu vilivyokatwa vidogo kwa moto wa kati dakika 8, mpaka vilainike na kingo zianze kuwa za dhahabu. Tia karoti na seleri zilizokatwa vipande vya sentimita 1, dakika 5. Kitunguu saumu kilichopondwa, dakika 1 tu. Kikiungua kina uchungu usiofichika. Nyanya ziingie mwisho, zikaangwe mpaka maji yakauke na mafuta yajitenge. Angalia kwanza kwamba maharage yameiva, ndipo umimine mchanganyiko huo sufuriani.

Mapishi mengi ya Kimarekani hutia vitunguu vibichi moja kwa moja kwenye maji. Inawezekana, lakini kuunga kunaipa supu utamu ambao maji peke yake hayatoi, na karoti zinabaki na umbo. Kwa mtu aliyezoea maharage ya kuunga, hii si hatua ya kujadili.

*Nne, kuponda.* Chota vikombe 2 vya maharage na mchuzi wake, ponda kwa mchi au uma, rudisha. Hiki ndicho kizito cha supu. Unga wa ngano au wa mahindi hauhitajiki na huacha ladha ya ubichi. Mashine ya kusagia pia sishauri: husaga ngozi zote na kufanya gundi.

*Tano, mboga (dakika 20 hadi 25).* Shika jani la sukuma wiki kwa kikonyo, vuta mkono kuelekea nchani ili jani liachane na uti wa kati. Majani yakunje pamoja na ukate tepe za sentimita 2. Ule ukataji mwembamba kama nyuzi tunaoupenda kwa mboga ya ugali haufai. Ndani ya supu hupotea. Vikonyo vilivyo laini vikate vidogo vitangulie dakika 10, vigumu vitupe. Osha majani baada ya kuyatenganisha na kabla ya kukata, kwa maji mawili, kwani mchanga hujificha kwenye mikunjo.

Yatie mafungu matatu, fungu linalofuata liingie la kwanza likishanywea. Sufuria iwe wazi. Jani la kijani likipikwa ndani ya mvuke uliofunikwa na kwenye tindikali hupoteza rangi na kuwa la zeituni lililochoka. Ikiwa wazi, sehemu ya tindikali za jani huondoka na mvuke. Kusini mwa Marekani wanapika majani haya saa nzima na hawajali rangi, wanataka ulaini na ule mchuzi wa kijani wa kuchovyea mkate wa mahindi. Dakika 20 ni makubaliano ya katikati: jani laini, bado lina ladha yake.

Muda wa majani mengine: kabichi dakika 10 hadi 12, spinachi ya sokoni kwetu, ile yenye kikonyo kinene cheupe, dakika 6, majani ya kunde machanga dakika 10, mchicha dakika 3 hadi 4 baada ya kuzima moto mkali. Majani ya maboga yamenywe nyuzi zake kwanza. Mnafu na majani mengine machungu yachemshwe pembeni dakika 3 na maji yake yamwagwe, kama wafanyavyo Wagalicia kwa majani yao ya tanipu, la sivyo uchungu unatawala sufuria nzima.

*Sita, nyama irudi.* Kifundo kikipoa kiasi cha kushikika, vua ngozi, chambua nyama kwa vidole ukihisi vibanzi na vifupa vidogo, katakata vipande vya sentimita 2. Kama nyama bado inang'ang'ania mfupa, ulikitoa mapema. Kirudishe kabla ya mboga. Ngozi laini ikikatwa nyembamba ni tamu, ingawa wengine huiona inateleza, waulize walaji. Tia nyama dakika 5 za mwisho ipate moto tu.

*Saba, chumvi na ukali.* Zima moto, subiri dakika 10, kisha onja. Supu inayotokota hudanganya ulimi. Ongeza chumvi nusu kijiko kidogo kwa wakati mmoja, koroga, onja tena. Mara nyingine haitahitajika hata chembe. Tia pilipili manga, halafu siki au limao. Kiasi hicho kidogo cha ukali hukata mafuta na kuzindua ladha ya moshi. Kikikosekana supu hulala, na mpishi hujaribu kuiamsha kwa chumvi, ndipo inapoharibika.

Kwa presha kuka

Kifundo na lita 2 za maji, dakika 45 tangu presha ishike, kisha iache ishuke yenyewe. Tia maharage yaliyolowekwa na kijiko 1 cha mafuta kuzuia povu lisizibe tundu la mvuke. Sufuria isizidi nusu. Dakika 10, ishuke yenyewe tena. Kuachia mvuke ghafla hupasua maharage yote. Kuunga, kuponda na mboga vifanyike bila kifuniko. Jumla ni kama saa 1 na nusu badala ya 3 na zaidi, na mkaa au gesi inayookolewa si kidogo. Joto la ndani hufikia karibu nyuzi 120, kwa hiyo suala la nyanda za juu na la sumu ya maharage yote mawili yanapungua sana.

Maharage ya kopo nayo yanakubalika: makopo 5 ya gramu 400, yasuuzwe, yaingie dakika 20 kabla ya mwisho. Mchuzi ndio hauna njia ya mkato.

Inapokwenda mrama

Maharage hayaivi baada ya saa 2: ni ya zamani, maji ni magumu, au kuna tindikali. Kama tindikali haijaingia, tia magadi chembe, yaani ncha ya kisu, na upike nusu saa zaidi. Kama nyanya zimeshaingia, tumia presha kuka dakika 15.

Chumvi imezidi: wengi hutumbukiza kiazi ili kinyonye chumvi, lakini kiazi hakinyonyi chumvi peke yake. Kinanyonya maji yenye chumvi, na yanayobaki yana ukali uleule. Dawa ni kuzimua: chota vikombe 3 vya mchuzi (vigandishe kwa matumizi mengine), rudishia maji ya moto, na uponde maharage zaidi ili uzito usipotee. Viazi vikiongezwa vile vile kama chakula ni sawa, kwa kuwa vinafanya sufuria iwe kubwa zaidi.

Imeshika chini: usikwangue, usikoroge. Mimina ya juu kwenye sufuria nyingine na onja. Ikiwa harufu ya kuungua haijaenea, umeokoka. Ikiwa imeenea, moshi wa hemu hautaificha.

Nyepesi mno: ponda kikombe kingine au tokosa bila kifuniko dakika 15, kabla ya mboga. Nzito mno, maji ya moto.

Mafuta mengi juu: engua kwa upawa ikiwa imetulia, au iweke kwenye friji usiku, asubuhi yatakuwa tabaka jeupe linalobanduka kwa kijiko. Usiyatupe, yaungie mboga.

Kunde badala ya maharage

Hii ni njia nyingine inayofaa kujaribiwa. Kunde zilianza kulimwa Afrika na zikavuka bahari pamoja na watumwa. Kusini mwa Marekani ndizo zinazopikwa kwa nguruwe na kuliwa na majani haya siku ya Mwaka Mpya. Gramu 500 za kunde zinahitaji kulowekwa saa 2 hadi 4 tu na huiva kwa dakika 40 hadi 50, kwa hiyo nyama itangulie saa 2 nzima. Ponda kikombe 1, si 2, kwani mchuzi wake huwa mweusi-mweusi na mzito mapema.

Kuhifadhi

Supu ya maharage iliyoachwa jikoni usiku kucha huchacha, na kabla haijachacha bakteria wameshazaliana bila kutoa harufu. Ndani ya saa 2 tangu kuzima moto iwe imefika kwenye friji. Sufuria ya lita 5 haipoi kwa muda huo peke yake: iweke ndani ya beseni la maji baridi, koroga, badilisha maji yakipata joto, kisha gawa kwenye vyombo vipana visivyozidi kina cha sentimita 7. Kwenye friji hukaa siku 3 hadi 4. Siku ya pili huwa nzito zaidi na tamu zaidi, nayo ikitolewa itakuwa imeganda kama jeli. Hiyo ni jeletini ikifanya kazi yake, itayeyuka kwenye moto. Iongezee kikombe cha maji, ikoroge kwa moto mdogo ili isishike, ichemke kabisa, na upashe kiasi kitakacholiwa tu.

Kwa frizani, gandisha kabla ya kutia mboga, hadi miezi 3, ukiacha nafasi ya vidole viwili juu ya chombo. Siku ya kula, yeyusha ndani ya friji, chemsha, kisha tia sukuma wiki mbichi na uhesabu dakika 20 upya.